Kuba Haikufika Tabora

Katika majumba ya watawala wa Kiislamu wa zama za kati, dari ndiyo iliyobeba kazi kubwa ya urembo. Zulia hukunjwa, pazia hushushwa, viti huhama na mwenyewe. Kilicho juu ya kichwa hakihamishiki, na kila anayeingia hukiona atake asitake. Mafundi wa Iraki, Misri, Sisilia na Andalusia walimalizia ujuzi wao huko juu. Walijenga kuba, paa la mviringo linalojibeba bila nguzo ya kati. Walijenga paa la tao, ambalo ni tao moja lililovutwa kwa urefu hadi likafunika chumba kizima. Kuanzia karne ya 11 hivi walieneza pia mukarnasi: vishubaka vidogo vilivyopangwa safu juu ya safu, kila safu ikitokeza mbele kidogo ya ile ya chini yake, mpaka pembe za ukuta zinapotelea ndani ya duara la juu.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 ilianzia kwenye pwani iliyokuwa imelijua paa la namna hiyo kwa miaka mia tano. Ilipitisha vitambaa, shanga, waya wa shaba, bunduki, Kiswahili, Uislamu na miembe. Kuba haikupita. Nyumba za wakubwa wa Tabora, wafanyabiashara wa Kiarabu na watemi wa Unyanyembe kwa pamoja, zilifunikwa kwa miti, nyasi na udongo. Sababu za tofauti hiyo si zile zinazokuja mdomoni mara moja.

Ugumu wa kuba uko mahali pamoja: chumba kina pembe nne, kuba haina hata moja. Fundi lazima avuke kutoka kwenye mraba hadi kwenye duara bila kuacha pengo, na bila kuuacha uzito wa juu uning'inie hewani. Njia ya kawaida ni kurusha tao dogo katika kila pembe, mraba ugeuke umbo la pande nane, kisha pande nane zilainishwe kuwa duara. Mukarnasi hufanya safari hiyohiyo kwa hatua nyingi ndogo. Katika Ukumbi wa Dada Wawili wa Alhambra, Granada, uliokamilishwa zama za Sultani Muhammad V katika nusu ya pili ya karne ya 14, dari imeundwa kwa vipande zaidi ya 5,000. Vipande hivyo havibebi uzito wa paa. Ni pambo lenye hesabu kali nyuma yake.

Hesabu hiyo iliandikwa na watu wa aina mbalimbali, kila mmoja kwa haja yake. Takht-i Sulaiman, Iran, katika magofu ya jumba la Abaqa Khan la miaka ya 1270, wachimbaji walikuta bamba la plasta lililochorwa ramani ya robo ya mukarnasi. Ni mistari mitupu, miraba na maumbo ya almasi kama yanavyoonekana na mtu aliyelala chali sakafuni. Fundi aliyeisoma alijua mwenyewe kila umbo linapanda kiasi gani. Mwaka 1427, Jamshid al-Kashi wa Samarkand aliweka katika kitabu chake Miftah al-Hisab kanuni za kupima eneo la kuba na la mukarnasi, jambo lenye manufaa kwa yeyote anayelipia plasta na rangi. Mwaka 1834 Jules Goury na Owen Jones walianza kuichora Alhambra pande kwa pande. Goury alifia hukohuko Granada kwa kipindupindu mwaka uleule, na Jones akaichapisha kazi hiyo miaka ya 1840. Tangu hapo mtaalamu wa dari anatarajiwa kuleta vitu vitatu: ramani ya chini kama inavyoonekana juu, mkato wa wima, na idadi ya vipande kwa aina zake.

Katika Afrika Mashariki, jumba la kifalme la zama hizo lililofunikwa kwa kuba na matao ni Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani. Alilijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala kuanzia mwaka 1310 hivi hadi 1333, kwa utajiri wa dhahabu iliyopitia Sofala. Tarehe ya Kilwa inasema kwamba kabla ya kushika ufalme aliishi Aden miaka miwili akisoma, na akahiji. Bila shaka aliona majumba ya watu huko. Jumba alilojijengea liko kwenye ukingo wa jabali juu ya bahari, mashariki ya mji, lenye vyumba zaidi ya mia moja, uwanja wa baraza wenye ngazi za kukalia, birika la kuogea la pembe nane, na upande wa kusini ua mkubwa wa bidhaa. Sehemu kubwa ya jumba ilifunikwa kwa paa bapa la boriti na zege la chokaa. Matao na kuba viliwekwa pale alipokaa na kupokea watu mfalme mwenyewe, na baadhi ya kuba zilitiwa mifereji iliyotelemka kutoka kileleni.

Mgawanyo huo una maana kwa anayejua kazi ya ujenzi wa pwani. Boriti ya mkoko haiwezi kufunika chumba kipana zaidi ya mita mbili na nusu au zaidi kidogo. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba. Mwenye boriti ni mtumwa wa urefu wa boriti. Anayejenga kuba ameachana na mti, na upana wa chumba unakuwa uamuzi wake. Al-Hasan alitumia uhuru huo kwa uchache, palepale palipohitaji kuonekana.

Malighafi yote ilitoka baharini. Matumbawe magumu yalivunjwa kuwa kokoto na mawe ya ukuta. Matumbawe laini yalikatwa mwambani yakiwa bado mabichi, yakachongwa nakshi kabla hayajakauka na kuwa magumu. Mengine yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa mpaka yakawa chokaa. Kuba ya Kilwa haikujengwa kwa mawe yaliyokatwa na kupangwa kama ya Kairo. Fundi alitengeneza kiunzi cha mbao chenye umbo la ndani la kuba, akamimina juu yake mawe madogo na chokaa, akasubiri ikamatane, kisha akabomoa kiunzi. Kilichobaki ni kitu kimoja kizima. Faida yake ni wepesi wa kazi. Hasara yake ni kwamba siku nyufa zinapoingia, kuba huanguka kwa mabonge makubwa.

Hayo mabonge ndiyo yaliyoiokoa kwa ajili ya elimu. Husuni Kubwa haikukamilika na iliachwa mapema, na kwa karne nyingi ilikuwa vichaka na kifusi. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo katika mabuku mawili mwaka 1974. Peter Garlake alipima majengo ya pwani nzima na kitabu chake kikatoka mwaka 1966. Bonge la paa lililoanguka lina uso mmoja uliopinda, ule uliokuwa umelalia kiunzi. Ukipima urefu wa mstari ulionyooka kati ya ncha mbili za mpindo huo, na kina cha mpindo katikati, unapata nusu kipenyo cha tao zima hata kama sehemu kubwa ya tao imekwisha kuwa vumbi. Plasta iliyobaki juu ya uso huo inaonyesha kama palikuwa na mfereji, ukingo au nakshi. Magofu hayohayo yamekuja kupimwa tena kwa mionzi ya leza na Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Kinachoshangaza ni kwamba namba nyingi za enzi ya futi kamba bado zinatumika.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akampata al-Hasan akiwa hai, akamsifu kwa ukarimu, na akaandika kwamba nyumba za mji ni za mbao. Hakutaja kuba hata moja. Lakini sultani huyohuyo alikuwa ameuongeza Msikiti Mkuu kwa sehemu mpya yenye kuba na matao yaliyopishana, pamoja na chumba chenye kuba iliyokuwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Huenda nakala zimeharibika, huenda msafiri aliandika kwa kukumbuka miaka mingi baadaye. Lipi lililo kweli si neno. Mtu anayetegemea daftari la mgeni peke yake kueleza dari ya mwenyeji anajihatarisha, na tahadhari hiyo itahitajika sana msafara ukifika Tabora.

Ujuzi huo haukufa na al-Hasan. Sehemu mpya ya Msikiti Mkuu ilianguka, ikajengwa upya mwanzoni mwa karne ya 15 kwa nguzo za pande nane zilizobeba kuba. Karne hiyohiyo ulijengwa Msikiti Mdogo wa Kuba, wenye vyumba tisa vya paa, ambako bakuli za kigeni zenye kung'aa zilipachikwa kwenye uso wa ndani wa paa ili mwanga wa taa uzipate. Karibu na Bagamoyo, katika makaburi ya nguzo ya Kaole, bakuli kama hizo zilipachikwa kwenye nguzo. Wapagazi waliojikusanya kwa safari ya bara walipita jirani na magofu hayo.

Na si magofu tu. Mwaka 1850, Sayyid Said bin Sultan, sultani wa Unguja, alijengewa hamamu ya kifalme Kidichi, Unguja, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi: kuba zenye matundu ya mwanga, na plasta iliyochongwa maua, mitende na ndege kwa mtindo wa Uajemi. Mnamo mwaka 1852, Snay bin Amir na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi kutoka Surat, walianzisha makazi ya Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ambayo ndiyo Tabora. Miaka miwili tu inatenganisha kuba za Kidichi na ukuta wa kwanza wa Kazeh, na walioujenga ukuta huo walikuwa raia wa mwenye Kidichi. Hakuna anayeweza kusema Tabora ilikosa kuba kwa sababu wakubwa wake hawakupata kuiona.

Walichojenga ni tembe. Hili si umbo la Uarabuni. Ni nyumba ya bara, iliyoenea kutoka Usagara na Ugogo hadi Unyamwezi, na Waarabu waliichukua kwa wenyeji. Nguzo zenye panda hufukiwa ardhini, mihimili hulazwa kwenye panda, juu yake hupangwa fito kwa kubanana, kisha nyasi au magome, kisha udongo uliokanyagwa mpaka ukashikana. Paa ni bapa, lenye mwinamo mdogo wa kumwaga maji, na wenyeji waliweza kuanika nafaka juu yake. Waarabu waliikuza, wakanyoosha kuta, wakaipa ua wa ndani na kuipangia ndani desturi za pwani.

Richard Burton, aliyefika Kazeh pamoja na John Speke tarehe 7 Novemba 1857, aliieleza tembe ya Mwarabu kwa kirefu kuliko wengi waliomfuata. Mbele kuna kibaraza kipana chenye viti vya udongo. Lango linaingiza kwenye sebule ya wageni, yenye viti vya udongo pia, na ujia wa kuingia ndani umepindwa ili jicho la mgeni lisifike kwa wanawake. Vyumba vinauzunguka ua, havina madirisha, vina vitundu vya hewa ambavyo siku ya vita hugeuka matundu ya bunduki. Agosti 1871 vita vilikuja kweli: watu wa mtemi Mirambo waliiingia Tabora, wakamuua Khamis bin Abdallah, wakachoma sehemu ya mji, huku Henry Stanley, maili chache kando huko Kwihara, akitoboa kuta za tembe yake kwa ajili ya bunduki. Aliishi humohumo na David Livingstone mwezi Februari na Machi 1872, na Livingstone akabaki mpaka Agosti.

Dari ya nyumba hizo haikuandikwa na mtu kwa undani. Wageni walieleza kuta, vibaraza, bustani za vitunguu, kahawa waliyopewa, panya na kupe. Kuhusu walichokiangalia usiku kucha wakiwa na homa, waliandika kwamba ni miti na udongo. Lakini ukisimama ndani ya tembe unaiona kanuni ileile ya Kilwa: urefu wa mti ndio unaoamua upana wa chumba. Tofauti ni mti. Katika misitu ya miombo fundi anapata mninga na miti mingine migumu, minene kuliko mkoko. Hata hivyo, udongo uliolowa mvua ni mzito, kwa hiyo hakuthubutu kuutanua mwanya. Boriti ziliachwa wazi, zikapigwa moshi wa jikoni mpaka zikawa nyeusi, na moshi huo ulikuwa ndio dawa ya mchwa.

Jibu la haraka kwa nini pasiwe na kuba ni kwamba bara hakuna matumbawe. Ni kweli, ila halitoshi. Chukua kuba ndogo ya chumba cha upana wa mita 3, unene wa sentimita 20. Uso wake ni mita za mraba 14 hivi, na ujazo wake haufiki mita za ujazo 3. Ikiwa robo ya ujazo ni chokaa, inatakiwa chokaa kavu ya kilo 400 hivi. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila 2, yaani kilo 32 au zaidi kidogo. Basi chokaa yote ya kuba hiyo ingechukuliwa na wapagazi 12 au 13. Stanley peke yake aliondoka Bagamoyo na watu karibu 190, na misafara ya wenye pembe ilikuwa na mamia. Mawe ya kujazia Unyanyembe inayo tele. Majabali yake yamejaa pande zote. Wapagazi 13 ni gharama, lakini watu waliokunywa kahawa katika vikombe vya kaure mwendo wa miezi kutoka baharini walikwisha kulipa gharama za namna hiyo. Isitoshe, Misri na Iran kuna kuba za tofali za udongo mtupu zisizohitaji chembe ya chokaa.

Kuna sababu za ufundi zenye uzito zaidi. Kuba husukuma ukuta kwenda nje, na ukuta wa udongo wa tembe umetengenezwa kusimama, haukutengenezwa kusukumwa. Kuba za udongo hustawi penye ukame na pasipo miti. Tabora hupata mvua ya milimita 900 hadi 1,000 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili, na msitu uko mlangoni. Fundi mwenye akili zake hawezi kuacha mti ulio karibu akajenga kitu kitakacholowa na kuporomoka msimu wa kwanza. Tembe nayo hulowa, lakini kiangazi kikifika watu hupanda juu na kuongeza udongo. Waashi wa chokaa walikuwa na kazi ya kutosha Unguja, ambako mji wa mawe ulikuwa ukijengwa miaka hiyohiyo. Bara, nguvu kazi ilikuwa ya watumwa na vibarua wa Kinyamwezi waliojua tembe tangu utoto.

Sababu kubwa zaidi ni ya utawala. Kuba ya jumba ni kauli ya mwenye nchi. Al-Hasan alikuwa na sarafu zenye jina lake na hotuba ya Ijumaa ilisomwa kwa jina lake. Mfanyabiashara wa Kazeh alikuwa mpangaji. Ardhi ilikuwa ya mtemi, na wenye misafara walijua kinachotokea mtemi akibadilisha masharti: Mnywa Sele, aliyemrithi Fundikira mwishoni mwa miaka ya 1850, aliwatoza kodi, nao wakamng'oa na kumweka Mkasiwa, na vita vya Mnywa Sele vikawasumbua mpaka katikati ya miaka ya 1860. Wengi wao walikuwa pia na deni kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na ndoto yao ilikuwa kurudi pwani na pembe za kutosha kulilipa. Liwali Said bin Salim alikuwa mwakilishi wa sultani, lakini naye alikaa katika tembe. Mtu aliyejenga kuba Unyanyembe angekuwa anatangaza jambo ambalo hana jeshi la kulitetea. Nyumba ya udongo iliwafaa kisiasa kama ilivyowafaa kwa mvua.

Hata huko walikotoka asili yao, urembo wa dari ulikuwa na njia nyingine. Katika jumba la Jabrin, Oman, lililojengwa na Imamu Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Ya'ariba mwishoni mwa karne ya 17, vyumba vya heshima vina dari bapa za boriti zilizopakwa rangi, maua na mizunguko ya majani, wakati matao yenye plasta ya kuchonga yamewekwa juu ya ngazi na ujia. Misikiti ya Ibadhi, Oman na Unguja, imejinyima mapambo kwa makusudi. Mwomani wa Tabora aliyelala chini ya boriti tupu alikuwa amekosa rangi. Umbo la dari lilikuwa lake tangu zamani.

Mviringo juu ya kichwa Unyamwezi ulikuwepo, ila si kwa wageni. Ulikuwa katika msonge, nyumba ya duara ya Wanyamwezi. Ukiingia na kuinua macho, miti inapanda kutoka pande zote kukutana kileleni, na pete za fito zinaifunga kwa vipimo vinavyopungua jinsi zinavyokwenda juu. Hapa tatizo la kuvuka kutoka mraba hadi duara halipo, kwa kuwa ukuta wenyewe ni duara. Pete za fito ndizo zinazozuia msukumo wa nje, kazi ambayo Kilwa ilifanywa na unene wa ukuta. Anayeandika historia ya kuba Tabora hana budi kuanzia kwenye msonge, na ni ajabu jinsi vitabu vya usanifu vinavyoupita kana kwamba ni kibanda. Watemi wenyewe waliongeza ngome: boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe, liliwashinda Wajerumani kwa mashambulizi ya mwaka 1892, na lilipoangushwa Januari 1893 alijilipua kwa baruti humohumo ndani.

Kwa upande wa wafanyabiashara, nakshi iliyokosa mahali darini ilihamia mlangoni. Mlango wa kuchonga ni kitu cha msafara kwa umbile lake. Miimo miwili, kizingiti cha juu, mfaa wa katikati na mbao za milango yenyewe hufunguliwa, hufungwa mizigo, na hupangwa upya mahali pengine bila msumari mmoja kupotea. Au huchongwa hapohapo kwa mninga, mti mwekundu unaokubali patasi na kuchukiwa na mchwa. Nyumba ikianguka, mlango hung'olewa na kupelekwa kwenye nyumba mpya. Tembe ya Kwihara, iliyojengwa upya katika karne ya 20 na kufanywa makumbusho, inasimama hivyo mpaka leo: ukuta wa rangi ya damu ya mzee, paa bapa, na fremu ya kuchongwa iliyobeba urembo wote wa jengo.

Ukiitazama kwa karibu fremu ya namna hiyo, kazi ya fundi inasomeka kama dari ya Granada inavyosomeka, kwa mizani ndogo. Kuna ukingo wa nje wenye mnyororo au kamba iliyosokotwa. Kuna utepe wa kati wa mmea unaopanda kutoka chini, mara nyingi ukianzia kwenye chombo au umbo la samaki. Kuna mawaridi ya duara yaliyogawanywa kwa bikari, na alama ya ncha ya bikari bado iko katikati ya waridi. Waongozaji wa watalii hupenda kusema mnyororo ni ishara kwamba mwenye nyumba aliuza watu. Mnyororo huohuo uko kwenye milango ya misikiti na ya watu ambao hawakuwahi kwenda bara. Kisa cha watumwa wa Tabora ni kizito vya kutosha bila kukitafutia ushahidi kwenye ukingo wa pambo.

Kuhama huko kulibadilisha pia anayetazama. Mapambo ya Husuni Kubwa yalikuwa ndani kabisa, na aliyeyaona ni yule aliyeruhusiwa kupita ua, ngazi na walinzi. Mapambo ya Kwihara yako nje, mbele ya kibaraza, na mpagazi aliyetua mzigo wake aliyaona sawasawa na liwali. Aliyekaribishwa ndani alikuta giza na boriti zenye moshi.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikaleta saruji na mabati kwa mabehewa, na matao ya tofali za kuchoma yakaonekana kwenye vibaraza vya majengo ya serikali na ya shule. Paa la udongo lilianza kuachwa, kwa kuwa bati halihitaji kupandwa kila kiangazi. Tembe isiyotunzwa haiachi mabonge yenye mpindo ya kupimwa. Boriti huoza au huchukuliwa kuni, na ukuta hurudi kuwa udongo wa shamba. Februari 2006 Tanzania iliiweka njia ya misafara kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikuwa kwenye orodha kamili tangu 1981. Vipimo vinavyotakiwa kwa tembe ni vichache na havihitaji leza: urefu na unene wa kila boriti, jina la mti wake, mwanya kati ya boriti na boriti, na kina cha udongo uliolala juu yake.